Mpagazi wa Chini ya Chetambe

Baba ya babu yangu alikufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa mpagazi wa jeshi la Waingereza. Serikali iliyomchukua ilimpa namba, ikamlisha unga, ikambebesha mzigo, na alipokufa haikuandika jina lake mahali ambapo kitukuu wake angeweza kulisoma. Nimekuwa nikimtafuta tangu nilipostaafu ualimu hapa Webuye, na katika kumtafuta nimejua kwamba kupotea kwake hakukuwa bahati mbaya. Kuna watu walioketi ofisini wakaamua kuwa mtu kama yeye hahitaji kuandikwa.

Nyumbani jina lake tunalo. Alipewa kaka yangu mkubwa, maana kwetu Wabukusu marehemu hurudi kupitia majina ya watoto. Ni jina la msimu, kama yalivyo majina yetu mengi: Wafula ni wa mvua, Wekesa ni wa mavuno, Wanjala ni wa njaa, Simiyu ni wa kiangazi. Kijijini jina kama hilo linatosha kabisa, kwa kuwa kila mtu anajua huyu ni mwana wa nani na ni wa ukoo upi. Kwenye daftari la jeshi, ambapo karani aliandika jina moja tu kisha akamwita anayefuata, halikufikishi mbali. Nusu ya vijana waliozaliwa msimu ule walikuwa nalo.

Kilichonipa mwanga wa kwanza kilikuwa rika, si karatasi. Senge yangu, dada yake baba, ndiye aliyelelewa na mjane wa marehemu, na ndiye aliyebaki na habari zake. Nilimwuliza, "Senge, Kuka, yaani baba ya babu, alichukuliwa mwaka gani?" Akanijibu, "Mwanangu, mwaka siujui. Najua alikuwa wa Bakinyikeu, na najua babu yako alikuwa bado ananyonya." Kwa mtu asiyejua mila zetu, jibu hilo halisemi kitu. Kwetu ni hesabu kamili. Wabukusu hutahiri mwezi wa Agosti, kila baada ya miaka miwili, katika mwaka wa shufwa. Marika ni manane, nayo huzunguka: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma, Basawa, kisha yanaanza upya. Mzunguko mmoja huchukua karibu karne nzima. Bakinyikeu wa juzi walitahiriwa kuanzia 2000 hadi 2010, na wale waliowatangulia, kuanzia 1900 hadi 1910. Babu yangu naye alikuwa wa Bamaina, akatahiriwa karibu na mwisho wa rika hilo, mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka kumi na sita hivi. Basi alizaliwa yapata 1916. Kama alikuwa bado ananyonya baba yake alipochukuliwa, mwaka tunaoutafuta ni 1917.

Na mwaka 1917 ndio mwaka wenyewe hasa. Vita kati ya Waingereza na Wajerumani vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa akirudi nyuma kuelekea kusini bila kukamatwa, na kila alipovuta vita mbali na reli, Waingereza walihitaji watu zaidi wa kubeba. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Magari yalizama matopeni. Ilibaki migongo na vichwa vya watu. Jenerali Hoskins, aliyechukua uongozi mwanzoni mwa mwaka huo, aliomba wapagazi 160,000 zaidi. Mwezi wa Machi John Ainsworth akapewa kazi ya kuwakusanya. Ainsworth hakuwa mgeni huku. Alikuwa Mkuu wa Jimbo la Nyanza tangu 1907, akiwa na makao Kisumu, na alijua ni chifu gani wa kumwagiza na ni kijiji gani chenye vijana. Sheria ya kuwachukua watu kwa lazima ilikuwapo tayari tangu 1915. Ndiyo sababu sehemu zetu zilikamuliwa vile.

Kwetu agizo hilo lilipita katika mikono iliyokuwa na uchungu wake. Boma letu liko chini ya kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya ngome na kupigana na jeshi lililoletwa na Waingereza, likiongozwa na ofisa wao C. W. Hobley kutoka kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, likiwa na askari wa Kisudani, Waganda na Wawanga. Baba ya babu yangu alikuwa mtoto wakati huo. Alitolewa pale akiwa amebebwa mgongoni mwa mama yake, na ng'ombe wa ukoo hawakuonekana tena. Baada ya kushindwa tuliwekewa watawala kutoka Wanga. Murunga, ndugu yake Nabongo Mumia, akawa chifu juu ya watu wa Kimilili. Kwa hiyo liguru, msaidizi wa chifu kijijini, alipokuja na askari wa chifu mwaka 1917 kutafuta vijana wenye nguvu, watu wa Chetambe hawakuona serikali yao ikiwaomba msaada. Waliona wale wale wa 1895. Mtoto aliyeokolewa na mama yake kutoka ngomeni alikuwa sasa mtu mzima, na waliokuwa wamemkosa wakamrudia wakampata.

Senge anasema walikuja alfajiri. Wengine walikimbilia mtoni, kwenye mawe ya maporomoko ya Nabuyole, wakajificha siku nyingi. Baba ya babu yangu hakukimbia kwa sababu mke wake alikuwa na mtoto mchanga na alijua liguru angemchukua mama kama dhamana. Hilo sijalisoma popote. Nimelisikia kwa Senge, na kwa wazee wengine wa pande hizi wanaosimulia babu zao, na naliamini.

Reli tunayoiona leo ikipita Webuye kuelekea Malaba haikuwapo. Ilifika katika miaka ya 1920. Walikwenda kwa miguu hadi Mumias, kisha Kisumu, huko ndiko walikopanda gari moshi. Kituo kikuu cha kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilikuwa Nairobi, na jina lake limebaki pale pale, Kariakor, sokoni wanakouza vyondo na nyama choma. Dar es Salaam nayo ina Kariakoo yake, kwa sababu hiyo hiyo. Kikosi kiliongozwa na Oscar Watkins, ofisa aliyekuwa akijua Kiswahili vizuri na ambaye, nakubali kumtendea haki, alipiga kelele kuhusu vifo vya watu wake. Kila mpagazi alivishwa kisahani cha chuma chenye namba. Mshahara ulikuwa rupia 5 kwa mwezi, na sehemu kubwa ilisubiri mtu arudi ndipo alipwe.

Mzigo ulikuwa kama kilo 25 hivi, mbali na blanketi lake. Lakini hesabu iliyoua watu ni nyingine. Mpagazi naye hula. Akitembea wiki mbili kutoka stoo hadi kwenye mstari wa vita na wiki mbili kurudi, sehemu kubwa ya unga aliobeba ameshaumaliza yeye mwenyewe, kwa hiyo anahitajika mpagazi mwingine wa kumbebea huyo, na mwingine nyuma yake. Kila kilomita waliyosonga kusini iliongeza watu, na kila walipoongezwa watu, posho ilipungua.

Tena hiyo posho yenyewe ilikuwa unga wa mahindi. Wazee wetu walikua kwa ugali wa wimbi na mtama. Mahindi yaliyosagwa chengachenga, yakapikwa haraka kwenye mvua kwa kuni mbichi, yaliwachana matumbo. Kuhara damu kuliua wapagazi wengi kuliko bunduki ya Mjerumani ilivyoua. Malaria na nimonia vikamalizia. Madaktari wa jeshi waliliona jambo hilo mapema na kuagiza unga usagwe vizuri na upikwe na wapishi kambini, lakini mtu aliyelala porini Rufiji wakati wa masika hakuwa na mpishi.

Habari za kifo zililetwa na mwenzake wa rika, aliyerudi vita vilipokwisha. Alisema alimwacha hospitali, hawezi kusimama, mahali palipoitwa Kirwa. Kwa jinsi jina hilo lilivyosikika, na kwa kuwa Kirwa ni jina la majirani zetu Wakalenjin, baadhi ya wajomba walishikilia miaka mingi kwamba alifia upande wa Cherangany, karibu kabisa na nyumbani, na kwamba watu wa huko walimzika. Ni Kilwa. Kuanzia katikati ya 1917 jeshi la Waingereza lilisonga kutoka Kilwa, pwani ya kusini ya Tanzania, na palikuwa na hospitali ya wapagazi. Mkinyikeu yule aliyeleta habari hakuwa amekosea hata neno. Alisema pwani, akasema minazi, akasema meli. Waliomsikiliza hawakuwa wameona bahari, wakaisogeza Kilwa karibu.

Nilikwenda Nairobi, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, lile jengo la zamani la benki kwenye Moi Avenue. Nawashauri wenzangu watakaokwenda: msitafute Bukusu. Katika makaratasi ya wakati ule hatumo kwa jina hilo. Maofisa walituita Kitosh, jina tulilopewa na majirani, na mara nyingi walituchanganya na Wajaluo na Waluhya wengine wote chini ya Kavirondo. Ripoti za wilaya ya North Kavirondo zinaeleza ni watu wangapi waliotakiwa, machifu gani walijitahidi na gani walizembea. Wanahesabiwa kama magunia. Jina la baba ya babu yangu sikulipata.

Hata hivyo nilipata kitu kilichonikaza moyo. Majina yalikuwapo. Huwezi kumlipa mtu mshahara bila kumwandika. Huwezi kumvisha namba bila kuwa na daftari linalosema namba hiyo ni ya nani, wa chifu gani, wa wilaya gani. Ofisi ya Watkins ilikuwa na madaftari ya malipo, na ni kwa madaftari hayo ilijulikana baada ya vita kwamba watu wengi mno hawakurudi kuchukua fedha zao. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyeandika kitabu kizima juu ya kikosi hiki, alikadiria kwamba wapagazi wa Kenya peke yao waliokufa walizidi 40,000. Idadi hiyo imetokana na karatasi za malipo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba waliokufa hawakujulikana.

Tume ya makaburi ya vita iliyoundwa London mwaka 1917 iliweka kanuni nzuri: kila aliyekufa aandikwe jina, na pasiwe na tofauti ya cheo wala rangi. Huku kwetu kanuni hiyo haikufika. Maofisa wa makoloni na wa Tume walikubaliana kwamba Mwafrika hajafikia kiwango cha ustaarabu cha kuthamini kaburi lenye jina. Makaburi ya wapagazi yakaachwa yamezwe na pori. Badala ya majina zikajengwa sanamu. Ile ya Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 1928, ipo hadi leo Kenyatta Avenue: watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Nimesimama mbele ya sanamu hiyo nikaisoma yote, pande zote. Hakuna jina hata moja.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na sitaificha. Watu waliosema kwamba Mwafrika hathamini jina la marehemu walikuwa wakiwatawala Wabukusu. Sisi tuna kumuse. Mzee wa heshima akifa, siku ya tatu baada ya maziko huitwa mswala kumuse, mtu aliyeteuliwa kwa damu ya ukoo wake, na umati ukikaa kimya yeye hutembea katikati akitaja koo na asili yake, nani alimzaa nani, walitoka wapi, walivuka mto gani, walipigana na nani, rika baada ya rika. Anaweza kusema saa nyingi bila karatasi. Watu wa namna hiyo ndio walioambiwa hawajui thamani ya jina. Kwa baba ya babu yangu kumuse haikufanyika, kwa sababu alikufa kijana na mwili haukuwapo. Walichimba kaburi nyuma ya nyumba, wakazika shina la mgomba badala yake, ili mjane aweze kuomboleza na kuendelea na maisha. Kaburi hilo la mgomba Senge ananionyesha mahali pake. Ndilo kaburi pekee alilo nalo.

Fedha zake hazikuja. Ainsworth na Watkins walitaka mishahara ya waliokufa itumike kwa manufaa ya Waafrika wa Kenya, na mabishano hayo yaliendelea kwa miaka, hadi miaka ya 1930. Wenye hazina London walikataa. Na wakati huohuo, mwaka 1919, ulianzishwa mpango wa kuwagawia mashamba wanajeshi Wazungu waliotoka vitani. Sehemu ya mashamba hayo ilikuwa Trans Nzoia, ng'ambo ya mto wetu. Reli ikafika mji wa Kitale, huko huko, mwaka 1926. Babu yangu, yule mtoto aliyeachwa akinyonya, alikua akaenda kufanya kazi ya kibarua kwenye shamba la mahindi karibu na Kitale, la mtu aliyepewa ardhi kwa kuwa alipigana katika vita vilivyomuua baba yake. Aliishi pale kama skwota, akalima kipande alichokopeshwa, akafuga ng'ombe waliohesabiwa na mwenye shamba. Sidhani aliwahi kuambiwa uhusiano wa mambo hayo mawili. Nimeambiwa tu kwamba hakupenda kupita karibu na bendera siku ya kumbukumbu ya Novemba.

Vita vya pili vilipokuja, watu walikumbuka. Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, mwaka 1944 alipinga vijana kuchukuliwa kwa kazi ya lazima, na serikali ikamwona mhalifu, kisha ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, Mathari. Wengi wamemwandika kama mtu wa dini na siasa. Mimi humwona pia kama mtoto wa kizazi kilichozika migomba.

Hata hivyo waliokufa katika vita vya pili walitendewa tofauti, na tofauti hiyo inathibitisha ninachosema. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hakukuwa na mwili wa kuzikwa. Lakini majina yao yamechongwa kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Familia moja ninayoifahamu hapa Bungoma ilimpata mtu wao pale, jina na namba, wakalipapasa kwa vidole. Mwafrika yuleyule, serikali ileile, miaka ishirini na saba tu imepita. Ingewezekana tangu mwanzo.

Mwezi wa Aprili 2021 Tume hiyo ya makaburi ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri. Tangu hapo, kwa kushirikiana na Jeshi la Ulinzi la Kenya, yamepatikana katika makabrasha ya zamani ya jeshi majina zaidi ya 3,000 ya Waafrika waliokufa. Radhi naipokea. Ila majina 3,000 mbele ya vifo zaidi ya 40,000 ni mwanzo tu, na makabrasha peke yake hayatafika mwisho. Yaliyobaki tunayo sisi, na hatutakuwa nayo muda mrefu. Waliosikia habari hizi kutoka kwa wajane wenyewe ni watu wa Basawa na dada zao, waliotahiriwa kati ya 1948 na 1958. Mdogo wao ana yapata miaka themanini.

Kwa hiyo nawaomba watu wa Bungoma, Trans Nzoia, Kakamega na Busia mfanye kazi hii mwaka huu. Mwendee mzee wa kwenu na daftari, si simu peke yake. Uliza rika la marehemu na mwaka wake wa kutahiriwa, ukoo wake, chifu aliyekuwapo, jina la mke na watoto aliowaacha, nani alileta habari, na alitaja mahali gani. Usimsahihishe mzee anapotaja jina la mahali usilolijua. Liandike kama lilivyo. Andika pia majina ya wenzake waliochukuliwa siku ile, kwa maana jina moja la Wafula halimtambulishi mtu, lakini Wafula aliyechukuliwa pamoja na watu watatu wa kijiji kimoja anaweza kuonekana kwenye orodha. Toa nakala mbili, moja ibaki nyumbani na nyingine ipelekwe ofisi ya Tume iliyoko Nairobi. Ya kwetu nimekwisha kuiandika, kwa jina lake kamili na la baba yake, pamoja na majina ya vijana wengine wa chini ya Chetambe ambao Senge aliweza kuwataja.